Nyongeza na Lumbesa

Barabara inayochepuka Mandera, kwenye njia kuu ya Chalinze kwenda Segera, hupita Miono na Mkange kabla ya kufika Saadani, mahali ambapo hifadhi ya taifa inakutana na bahari. Wageni wengi huipita Miono vioo vya magari vikiwa vimefungwa, kwa sababu wameahidiwa tembo na ufukwe, si nyanya. Mimi husimama. Nina jamaa huko, nina udhaifu wa mihogo ya kuchoma, na kwa miaka kadhaa sasa nimejifunza zaidi juu ya uchumi wa nchi hii nikiwa mbele ya meza za wauzaji wa Miono kuliko katika semina nyingi nilizolipwa posho kuhudhuria.

Mji mdogo wa wakulima una vituko vyake. Lipo duka lenye maandishi ukutani yasemayo kwamba mkopo ni kesho, na chini ya kaunta yake kuna daftari nene la wadeni wa leo. Petroli ya bodaboda huuzwa katika chupa za maji ya kunywa, na mafuta ya alizeti katika chupa zizo hizo, meza ya jirani, rangi zikikaribiana kiasi kwamba mnunuzi makini hutanguliza pua kabla ya pesa. Chenji ikikosekana utapewa pipi au kiberiti. Ukirudi kesho na pipi zako utake kununulia sukari, utaonekana umerukwa na akili. Sarafu hiyo hutembea upande mmoja tu.

Nilikusudia kuandika juu ya vituko hivi peke yake, tupumzike kidogo na siasa. Sikufanikiwa, na wa kulaumiwa ni mama mmoja muuza nyanya.

Nilimwamkia, akaniitikia, nikaomba kilo mbili. Akanitazama kwa huruma. "Kilo ziko Chalinze, mwalimu. Hapa kuna fungu na kuna sado." Nami, kwa ile kasumba yetu ya kuhutubia hata pasipo darasa, nikaanza kumweleza faida za mizani: usawa, uwazi, takwimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akanipangia mafungu mawili, akayatazama, akachukua nyanya mbili nyingine akazitupia juu. "Na hii nyongeza yako."

Fungu, ndugu msomaji, si ujinga wa kutojua kupima. Fungu limewekwa juani, kila mtu analiona, na mnunuzi ana haki ya kulizunguka, kulibonyeza na kulinganisha na la jirani. Bei yake haibadiliki upesi. Kinachobadilika ni umbo lake. Fungu la shilingi 500 wakati wa mavuno ni kichuguu, na wakati wa kiangazi ni nyanya nne zilizojitenga kama watu waliogombana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hututangazia mfumuko wa bei kila mwezi kwa asilimia, na sina ugomvi nayo, ila mama huyu hutangaza wake kila asubuhi, na hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Nyongeza nayo hukamilisha makubaliano. Anayeitoa ameamua mwenyewe, mbele ya macho yako, na anajua kwamba utarudi.

Tofauti na fungu, sado ina mambo. Ni ndoo ndogo ya plastiki, ya lita nne hivi, na ndiyo kipimo cha maharage, mahindi na viazi katika nusu ya masoko ya nchi. Siku hiyo hiyo nilimwona mchuuzi mwenye sado mbili. Zilikuwa za rangi moja na bila shaka zilitoka katika duka moja, lakini moja ilikuwa imetanuliwa kwa moto hadi ubavu ukavimba, na nyingine kitako chake kilikuwa kimesukumwa ndani. Ile iliyovimba ni ya kununulia kwa mkulima. Ile iliyobonyea ni ya kuuzia. Nilipomuuliza hakuona haya. Alicheka, akasema kila kazi ina vifaa vyake.

Ujanja huo una umri mkubwa. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji, wale wanaojipimia kamili wanaponunua na kupunguza wanapowapimia wengine. Biblia nayo inaikemea mizani ya hila katika Agano la Kale. Na pwani hii ilikuwa na vipimo vyake vilivyojulikana na kila mtu: vibaba vinne ni pishi moja, na kwa bidhaa nzito kulikuwa na frasila, kama kilo 16. Pishi bado ipo hai kwa siku moja katika mwaka. Ifikapo Idi, Mwislamu wa Bagamoyo hatoi zaka ya fitri kwa sado ya mchuuzi. Huulizia pishi, takriban kilo mbili na nusu za chakula, na huhakikisha imejaa. Mbele ya Mungu tunajua kupima.

Kama mambo yangeishia kwenye sado, ningeyaacha yabaki vituko. Ila Miono haiuzi nyanya tu. Inatoa mahindi, mihogo, ufuta na korosho, na mazao hayo hayaondoki kwa sado. Hapo ndipo tunapokutana na lumbesa.

Kwa asiyejua, na wapo watumishi wengi wa umma wasiojua kwa sababu hununua unga ulioandikwa uzito kwenye mfuko, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichwa kinachoshikiliwa kwa wavu na kamba. Gunia la mahindi linahesabiwa kuwa debe sita, yaani kama kilo 100. Lumbesa huchukua debe saba, wakati mwingine zaidi, na bei hubaki ya gunia moja. Piga hesabu. Mkulima aliyetoa debe saba amelipwa sita. Debe la saba alilipanda, akalipalilia, akalilinda dhidi ya ngedere na nguruwe pori, kisha akalitoa bure kwa mtu asiyemfahamu. Mnunuzi huliita nyongeza. Mama wa nyanya anaweza kuninyima nyongeza yake nami nikaondoka nikinuna kidogo, basi. Mkulima akimnyima dalali kichwa cha gunia, gari linaondoka na mahindi yanabaki yakisubiri wadudu.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo ni Sura ya 340 ya sheria zetu, Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002, na kufungasha mazao kwa lumbesa ni kosa. Kila baada ya muda kiongozi hupiga marufuku tena kitu ambacho tayari ni marufuku, vyombo vya habari huandika, na wiki inayofuata malori hupakia kama kawaida. Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba tatizo ni rushwa. Huenda ipo. Lakini rushwa haitoshi kueleza kwa nini lumbesa imestawi, na sisi tuliomo katika utumishi wa umma tunakwepa sababu iliyo karibu zaidi, kwa kuwa inatuhusu.

Sababu yenyewe ni kwamba kila mtu njiani huhesabu magunia. Mwenye lori hutoza kwa gunia. Mpakiaji hulipwa kwa gunia. Na kwenye vizuizi vingi mkusanyaji wa ushuru naye hunyoosha kidole na kuhesabu: gunia moja, mawili, matatu. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, hatua niliyoiunga mkono wakati huo na ninaiunga mkono sasa. Lakini asilimia ya bei inahitaji kujua uzito. Kizuizini hakuna mizani, kwa hiyo asilimia hugeuka kuwa kiasi fulani kwa kila gunia, na mfanyabiashara mwenye akili timamu hupunguza idadi ya magunia kwa kuyanenepesha. Halmashauri inapunjwa debe la saba sawasawa na mkulima anavyopunjwa, nayo imejitengenezea mtego huo kwa mkono wake. Mweka hazina anayelalamika kwamba makusanyo hayafikii lengo angeanza kwa kutazama vichwa vya magunia.

Sasa lifuate lori hilo. Litatoka Miono hadi Mandera, litashika njia kuu hadi Chalinze, kisha litaelekea Dar es Salaam, na kabla ya kufika litaingia kwenye mizani ya Vigwaza. Pale mambo ni mengine kabisa. Kuna mitambo, kuna foleni, kuna maofisa. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na kila ekseli ina ukomo wake. Ukizidisha, unalipa. Sababu inajulikana: barabara ni mali ya umma na uzito uliopita kiasi unaiharibu. Sina neno juu ya hilo. Ningependa tu mtu anieleze ni kwa utaratibu gani wa fikra tumefikia kuilinda lami kwa mizani ya kisasa na kumwachia mkulima kidole cha mkusanya ushuru.

Na asiwe mkulima peke yake. Yuko kijana anayelibeba gunia hilo mgongoni kulipandisha kwenye lori. Saadani na Bagamoyo zilikuwa milango ya misafara ya karne ya 19, na wapagazi waliopita hapa walibeba mzigo wa kawaida wa kama frasila mbili kila mmoja, sawa na kilo 32 hivi. Walitembea majuma na miezi, ni kweli, na sipendi kuipamba biashara ile, iliyokuwa imefungamana na utumwa. Hata hivyo wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, walijulikana kwa kukataa mizigo iliyozidishwa. Walikuwa na desturi zao, na waliweza kugoma au kutoweka usiku. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mtu mzima mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Kijana wa leo anapandisha kilo zaidi ya 100 kwenye ubao mwembamba uliolala tenge, kwa malipo ya gunia moja, na akilalamika huambiwa wapo wengine wanaoitaka kazi hiyo.

Najua jibu nitakalopewa: leteni mizani kila mahali na mambo yatanyooka. Nami nilidhani hivyo siku ile ya nyanya. Korosho imetufundisha tahadhari. Mfumo wa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ulimpa mkulima kilo halisi na mnada wa wazi. Ni hatua kubwa. Lakini yakafuata makato yasiyoeleweka na malipo yanayochelewa, na mkulima mwenye mtoto anayetakiwa shuleni Jumatatu hawezi kula stakabadhi. Ndipo kangomba, ule ununuzi wa chinichini kwa kipimo cha kienyeji na bei ya kutupwa, ulipopata wateja. Mkulima anayeuza kwa kangomba anajua sana kwamba anapunjwa. Anakubali kupunjwa leo kwa kuwa haki yake itafika mwezi ujao, ikifika. Na ukienda Kiwangwa, upande wa barabara ya Bagamoyo hadi Msata, utakuta mananasi yananunuliwa kwa macho: hili kubwa, hili la kati, hili dogo. Anayeamua lipi ni la kati ni yule mwenye gari.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na kina mpangilio. Halmashauri iache kwanza kuhesabu magunia. Itoze ushuru kwa kilo, na iweke mizani iliyokaguliwa pale gulioni, kabla ya kizuizi, mahali ambapo mkulima anausoma mshale kwa macho yake na kuondoka na karatasi yenye uzito wa mzigo wake. Mizani ya namna hiyo haigharimu hata posho za semina moja ya kuhamasisha matumizi ya mizani. Mfanyabiashara akishajua kwamba kichwa cha gunia kinatozwa kama sehemu nyingine yoyote ya gunia, hamu ya kukifunga itapungua hata askari asipokuwepo. Fedha ilipwe siku hiyo hiyo. Lisipowezekana hilo la mwisho, tusishangae mkulima akiipita mizani yetu na kwenda kwa mwenye sado iliyovimba.

Mwezi uliopita nilirudi Miono, nikamsimulia mama wa nyanya yote haya, safari hii kwa ufupi. Aliafiki habari ya magunia bila kusita; mwanawe analima mahindi. Kisha akaanza kunipangia fungu, akasita, akaniuliza: "Na hiyo mizani mkishaileta, mwalimu, nyongeza tutaipima pia?"

Nilimwambia hapana. Akatupia nyanya mbili juu, moja ikiwa imepasuka kidogo.