Wimbo wa kuachana, harusini!

Mwenzenu nimerudi mjini salama, ila kichwani bado niko kwenye harusi ya Bukiriro, kule Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi.

Harusi ilikuwa bomba. Turubai limefungwa, ndizi na nyama za kumwaga, spika mbili kubwa na jenereta linaunguruma nyuma ya nyumba. MC anachanganya Kihangaza na Kiswahili mpaka sisi wageni tunacheka bila kujua tunachekea nini. Bibi harusi akaanza kuingia taratibuuu, DJ akaachia I Will Always Love You ya Whitney Houston. Kina dada machozi!

Mimi nikaguna. Jamani, wimbo ule si ni wa kuaga? Mwanamke anaondoka, anamtakia mwenzake heri. Ndoa haina hata saa mbili, mnawawekea ya kuachana?

Kijana mmoja wa pale pale, tuliyekaa naye meza moja, akanikata kauli: "Kaka, hiyo siyo ya kuachana, hiyo ni ya Bodyguard." Ubishi ukaanza.

Nikamwambia hivi. Wimbo ule ni wa Dolly Parton, mama wa muziki wa kantri, aliyeutoa mwaka 1974. Na wala hakuwa anamwaga mpenzi. Alikuwa anamuaga Porter Wagoner, bosi aliyekuwa akiimba naye kwenye kipindi cha televisheni. Filamu ya The Bodyguard ilipokuwa inatengenezwa, Whitney alipangiwa aimbe What Becomes of the Brokenhearted, soul ya Jimmy Ruffin ya mwaka 1966. Ikagundulika kuna filamu nyingine imeshauwahi wimbo huo. Kevin Costner ndiye akaleta wazo la wimbo wa Dolly, tena akang'ang'ania Whitney aanze kwa sauti tupu, bila vyombo. Pale ndipo watu walipozimia! Kuanzia mwishoni mwa 1992 ukakaa namba moja Marekani wiki 14.

"Kwa hiyo Whitney aliiba?" kijana akauliza.

Hapana. Kurudia wimbo siyo wizi, na wakati mwingine anayerudia anaupa roho mpya. Respect aliitunga Otis Redding mwaka 1965: mwanamume analeta hela nyumbani, anataka aheshimiwe. Mwaka 1967 Aretha Franklin akaichukua, na kibao kikageuka. Sasa mwanamke ndiye anayedai heshima, na dunia nzima ikaujua wimbo kwa sauti yake. Au chukua Killing Me Softly. Vijana wa miaka ya tisini wanaapa ni ya Fugees, 1996. Wakubwa zao wanasema ya Roberta Flack, 1973. Kumbe Lori Lieberman alishaitoa mwaka 1972!

Mambo yote yako kwenye karatasi. Elvis Presley aliwahi kuutaka wimbo wa Dolly, lakini meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa, akalia usiku kucha. Whitney alipokuja kuuimba, haki zilikuwa bado mikononi mwa Dolly. Hesabu mwenyewe alivuna nini.

Tukiwa bado tunabishana, DJ akaweka Malaika. Ukumbi mzima ukasimama! Na hapo napo nikaguna, maana yule kaka wa kwenye Malaika hakuoa. Anampenda binti, mahari hana. Harusi moja, nyimbo mbili za watu waliokosana!

Malaika ameimba Fadhili William wa Kenya, ameimba Miriam Makeba, wakaimba Boney M, na Angelique Kidjo naye akaimba. Lakini nani alitunga? Fadhili alisema ni yeye. Adam Salim naye akasema ni yeye. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki palepale. Wimbo wa Afrika Mashariki unaojulikana kuliko karibu wote, na sisi wenyewe bado tunaulizana baba yake nani.

Yule kijana akawa kimya. Halafu akatoa simu, akanisikilizisha wimbo wake, gitaa moja na sauti. Mtamu, haki ya Mungu. Akasema kuna kundi linauimba kwenye harusi za huko jirani, na MC anatangaza kuwa ni wao walioutunga.

Nikamwambia: mdogo wangu, usigombane nao, wanakutangazia wimbo. Ila kesho andika maneno yako, weka tarehe, tunza hiyo rekodi, kisha nenda ukauandikishe COSOTA. Waimbe wanavyotaka, lakini ijulikane ni wako.

Na wewe wa Sinza mwenye kabati limejaa madaftari ya mashairi, nimekusema wewe pia.