Baridi Yao, Moshi Wetu

TOKA MLIMANI
Na Hajati Zamuda Marjan

Jumanne nilipanda Arua Hill saa tatu asubuhi kupima presha. Nikateremka saa nane, kichwa kinagonga, presha haijapimwa. Leo ni Ijumaa na hasira haijanitoka.

Tangazo mlilisikia redioni kama nilivyolisikia mimi: gari la kliniki linakuja, presha, sukari na macho, bure. Nikamchukua dada yangu mkubwa, huyo huyo mnayemwulizia nikikaa wiki mbili bila kumtaja, maana sukari yake haijatulia tangu Ramadhani. Gari lenyewe ni zuri, sitalisingizia. Refu kama basi la Kampala, mgongoni limejengewa nyumba kamili yenye mlango, ngazi ya chuma na madirisha ya vioo visivyofunguka, na juu ya paa kiyoyozi kimelala kama kobe. Lakini lilikuwa limeegeshwa juani, katikati ya kiwanja. Hatua thelathini kutoka pale kuna mwembe mzee, kivuli chake kinatosha harusi. Chini yake walikuwa mbuzi watatu.

Watu walikuwa wamekalishwa kwenye mabenchi mawili ubavuni mwa gari. Akina mama na watoto, wazee, mjamzito mmoja mwenye kitenge cha njano. Na kati ya benchi la kwanza na gurudumu la nyuma, mkono mmoja tu kutoka magotini mwa yule mjamzito, jenereta ya petroli inanguruma, bomba la moshi limeelekezwa kwenye benchi.

Nasema wazi: huo ni ubaya, na asiniambie mtu kwamba ni jambo dogo. Watu walioitwa waje watazamwe afya walikalishwa kuvuta moshi wa injini asubuhi nzima ili chumba cha watu watatu kipate baridi.

Nikamwambia dereva, "Mwanangu, isogeze hii." Akanijibu kwa adabu, kijana sina neno naye: "Hajati, waya ni mfupi." Nikauangalia. Ulikuwa wa mita tatu, haufiki nne.

Moshi unaonuka una heri, unakufukuza. Hatari ni ile hewa inayotoka pamoja nao, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, na wenzake wanasema ni jua. Ndani ya nyumba iliyofungwa inamaliza familia kwa usiku mmoja. Nje upepo huitawanya, lakini upepo utamsaidia nini aliyeketi mdomoni mwa bomba? Kule Marekani, ambako watu hutalii na magari-nyumba yenye viyoyozi vya paani kama hiki, wataalamu wa afya wanaagiza jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Yetu ilikuwa chini ya dirisha, na mbele yake binadamu.

Saa tano yakaanza mengine. Kiyoyozi kinajizima na kujiwasha chenyewe, ndivyo kilivyoundwa. Kila kilipotaka kuwaka, jenereta iliinamisha sauti kama mpagazi aliyetupiwa gunia bila kuambiwa, taa za ndani zikawa njano, halafu ikajikaza ikapanda. Mara ya nne haikupanda. Kimya. Dereva akavuta kamba, ikanguruma, na aliyekuwa ndani akabonyeza kiyoyozi papo hapo. Tukasikia mmmmm nzito juu ya paa, na kimya tena. Akavuta. Mmmmm. Kimya.

"Mafuta mabaya haya," dereva akasema, akifuta jasho.

Arua tuna desturi ya kuyasingizia mafuta. Labda ni tangu enzi za Opec Boys, wale vijana waliotuuzia petroli ya magendo ya Kongo kwenye majerikeni kando ya barabara. Injini ikikohoa, ni mafuta. Pikipiki ikigoma, ni mafuta. Nikampigia Fundi wa mtaa wa Oli. Akaja na bodaboda, na injini hakuigusa. Alichofanya ni kusoma kibao cha jenereta, kisha akapanda ngazi akasoma kibao cha kiyoyozi, akamwita dereva pembeni, na mimi nikasogea nisikie.

"Hiki kikishatembea kinakula kama wati 1,500," akamwambia. "Lakini kompresa ikiamka kutoka kusimama, inadai mara mbili, hata mara tatu ya hapo. Ni kwa nukta moja tu, ila nukta hiyo lazima ilipwe. Jenereta yako imeandikwa 2,800, ya kazi ya mfululizo 2,500. Na hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Wewe uko Arua, mita 1,200 juu. Hewa ya huku ni nyepesi, injini inapoteza kama asilimia 3 na nusu kwa kila mita 300. Toa."

Dereva akatoa kwenye simu. Ikabaki 2,150.

"Haya. Ndani kuna nini kingine?"

Taa, kompyuta mbili, friji dogo la dawa. Na birika la chai la umeme. Nililiona kwa macho yangu mlango ulipofunguliwa: birika jeupe, vikombe vitatu, sukari kwenye kopo la maziwa. Birika kama lile peke yake linakula wati 2,000. Vyote kwenye waya mmoja. Kila chai ilipochemshwa na kompresa ikaamka, jenereta ilizimika, na friji la dawa likazimika nalo. Insulini isiyofunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Dada yangu, ambaye huweka chupa zake kwa mpwa mwenye friji kule ng'ambo ya mto Enyau na kuzifuata kwa miguu, alisikia hayo yote akiwa kwenye benchi. Hakusema kitu. Alifunga tu mtandio wake upya.

Fundi akawaambia wasubiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena. Kompresa ikizimika ghafla, gesi inabaki imebanwa upande mmoja, na ukiilazimisha hapo hapo inasukuma ukuta. Umeme unashuka, nyaya za ndani zinachemka, na siku moja zitaungua. Kipo kifaa kidogo cha kuamsha kompresa polepole ili isidai kwa mshindo. Hakikufungwa. Walionunua gari la thamani ile hawakukumbuka kifaa kile, wala waya.

Sigombani na jenereta. Mkoa huu umelelewa na jenereta. Umeme wa bwawa la Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 tu, ulitufikia 2012, na gridi ya taifa ikaja 2024. Kabla ya hapo aliyetaka taa aliinunua kwa lita. Ndiyo maana adabu yake tunaijua. Kwa baba yangu ilikaa nyuma ya nyumba, bomba linatazama mahindi, na mtoto aliyeichezea karibu alichapwa. Baada ya 2005, Juba ilipojaa hoteli za makontena na nusu ya wafanyabiashara wa Arua na Koboko wakahamia huko, nililala kwenye mojawapo. Kila kontena na kiyoyozi chake, na jenereta kubwa imefungiwa mwisho wa kiwanja nyuma ya ukuta. Mji uliokuwa ndio kwanza unatoka vitani ulijua pa kuiweka.

Gari hili lilipangwa na mtu aliyeanza kuwaza kutokea ndani. Akajiuliza daktari atakaa wapi, joto litamsumbua vipi, chai atanywa saa ngapi. Hakuwaza nje kwa sababu yeye hatakaa nje. Sisi wa benchi tulikuwa namba za kujaza fomu.

Mnadhani naonea? Jambo la kwanza alilolisema Fundi, kabla ya hesabu zote zile, ni kwamba wasogeze gari mwembeni. Bodi ya bati juani ni tanuri, kiyoyozi hakipumziki. Ukiiweka kivulini kazi yake inapungua. Afisa mmoja akatoa kichwa mlangoni, baridi ikatupiga usoni, akasema haiwezekani, bango lao halitaonekana kutoka barabarani. Akafunga mlango.

Nimerudia kuyapima maneno hayo kwa siku tatu na sijapata tafsiri nyingine. Bango lilihitaji jua kuliko watu walivyohitaji kivuli.

Basi nikatoa pesa yangu. Fundi akaenda mjini akarudi na waya wa mita 15, ule mnene wa nyaya tatu. Alikataa kabisa ule mwembamba wa bei rahisi, maana kwenye urefu ule umeme ungefika umechoka na kompresa ndiyo ingeumia. Bei haikuzidi mafuta yao ya siku mbili. Jenereta ikapelekwa nyuma ya kichaka, upepo ukichukua moshi kuteremka nao bondeni. Birika likachomolewa. Mabenchi, tukayabeba wenyewe mpaka mwembeni, mbuzi wakahama. Saa saba kasoro kiyoyozi kikawaka mara moja bila kuyumba, na yule mjamzito akavua viatu akanyoosha miguu kwenye nyasi. Aliniambia alikuwa anatapika tangu saa nne na alidhani ni mimba.

Dada alipimwa wa mwisho. Zamu yangu ilipofika, fomu zilikuwa zimekwisha.

Ningeishia hapo. Lakini jana Alhamisi gari lilikuwa Koboko, na binti wa shemeji yangu amenipigia kutoka foleni. Nikamwuliza jenereta iko wapi. "Hapa hapa tulipokaa, Mama Mkubwa, hata hatusikilizani." Walipofungasha Jumanne jioni waliuacha waya mpya kwenye nyasi. Watoto wa mlimani ndio walioniletea, umeviringishwa vizuri.

Kesho alfajiri nampa kondakta wa teksi ya kwanza ya Koboko. Ni kilomita kama 55 za lami, na nauli ya mzigo nimekwisha kulipa. Dereva, mwanangu, wewe ulinijibu kwa heshima, kwa hiyo nakutumia wewe, si wao. Ukiupokea, usiwaombe ruhusa. Isogeze.