Dawa ya Koboko Isingoje Soko

Wenzangu, mwaka 2018 nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa George Smith wa Marekani na Gregory Winter wa Uingereza. Kazi yao inahusu faji, yaani virusi vinavyoambukiza bakteria. Mimi naona kazi hiyo bado haijawafikia wanaoihitaji zaidi.

Kwanza tuielewe. Kuna faji zenye umbo la uzi, zilizofunikwa kwa ganda la protini. Mwaka 1985 Smith alionyesha kwamba ukichomeka kipande cha jeni ngeni katika jeni ya protini iliyo kwenye ncha ya uzi huo, faji hutoka imevaa protini ngeni kwa nje, na maelekezo ya kuitengeneza yamo ndani yake. Winter akazivalisha vipande vya kingamwili za binadamu. Mtafiti humwaga faji mabilioni, kila moja na vazi lake, juu ya kitu anachokilenga, kisha huosha. Zilizonasa huzalishwa ndani ya bakteria, na kazi hurudiwa mpaka zibaki zinazonasa barabara.

Njia hii ilitumika kupata adalimumabu, dawa ya baridi yabisi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 na kuongoza mauzo ya dawa duniani kwa miaka kadhaa.

Sasa mfikirieni mkulima aliyeumwa na koboko. Dawa atakayopewa, akibahatika, imetokana na damu ya wanyama waliodungwa sumu, hasa farasi, kama ilivyoanza miaka ya 1890. Inaokoa maisha, ila protini za farasi zinaweza kumletea mzio mkali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka.

Mwaka huohuo wa 2018, watafiti walichapisha kwamba kingamwili za binadamu zilizochaguliwa kwa faji ziliwakinga panya dhidi ya dendrotoksini, sumu za koboko zinazoshambulia neva. Kutoka panya hadi mkulima ni mbali, na nyoka mmoja ana sumu za aina nyingi. Lakini njia ipo.

Wapo watakaosema dawa hii haina soko, kwa kuwa waumwao ni maskini. Ndiyo maana fedha za umma zinapaswa kuilipia. Nasi tunaosoma biolojia huku, na tuna wajomba na shangazi mashambani, tuwe wa kwanza kuuliza katika maabara zetu: faji hizi zinamtafutia nani dawa?