Safari ya Msuva na hesabu inayowahusu vijana wa Bonde la Kilombero

Tarehe 19 Novemba 2024, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Taifa Stars iliifunga Guinea bao 1-0 na kukata tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON 2025. Mfungaji alikuwa Simon Msuva. Siku tatu kabla, jijini Kinshasa, alikuwa amefunga pia katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Ethiopia. Wakati huo klabu yake ilikuwa Al-Talaba ya Baghdad, nchini Iraq, na kabla ya kufika huko alikuwa amepita Morocco, Saudi Arabia na Algeria.

Ifakara, zaidi ya kilometa 200 kutoka Morogoro mjini kwa njia ya Mikumi na Kidatu, haina uhusiano wa kuzaliwa na mchezaji huyo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1993. Hata hivyo, mojawapo ya ngazi zake za mwanzo ilikuwa Moro United, timu iliyobeba jina la mkoa huu, kabla hajasajiliwa na Yanga mwaka 2012. Kwa wazazi wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na Kidatu wenye watoto wanaoshinda viwanjani kila jioni, safari yake ni kielelezo chenye manufaa kuliko ile ya nyota aliyefika Ulaya kwa mkupuo mmoja. Inaonyesha kazi ya mshambuliaji wa kulipwa ilivyo kwa wengi: mkataba baada ya mkataba, nchi baada ya nchi, na kila dirisha la usajili likija na swali la mtu atacheza wapi msimu ujao.

Kazi ya namna hiyo si ngeni kwa Watanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Sunday Manara alicheza Heracles ya Uholanzi, katika zama ambazo mchezaji wa Afrika Mashariki kulipwa Ulaya lilikuwa jambo la kustaajabisha. Mrisho Ngassa alipanda kupitia Kagera Sugar, akazitumikia Yanga, Azam na Simba, akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini na Fanja ya Oman, kisha akarejea kuchezea Mbeya City, Ndanda na Yanga tena. Mbwana Samatta, anayetajwa zaidi kuliko wote, naye ameshabadili jezi mara nyingi tangu alipoiacha Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Tofauti ni kwamba Samatta alipita njia yenye taa, na wengi wa wenzake hupita vichochoroni.

Msuva aliondoka nchini akiwa na sifa kamili. Akiwa Yanga alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/2015 kwa mabao 17, na msimu wa 2016/2017 alilingana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, kila mmoja akiwa na mabao 14. Mwaka 2017 alijiunga na Difaâ El Jadida ya Morocco. Mwishoni mwa mwaka 2020 alihamia Wydad ya Casablanca, klabu ya kiwango cha juu kabisa barani. Hapo ndipo safari ilipokumbana na jiwe. Mgogoro wa mkataba ulizuka, shauri likafikishwa FIFA, na uamuzi ukawa upande wa mchezaji. Mwaka 2022 alianza upya Al-Qadsiah, wakati huo ikicheza daraja la pili la Saudi Arabia. Zikafuata JS Kabylie ya Algeria, Al-Najma ya Saudi Arabia, na mwaka 2024 Al-Talaba.

Wapo wanaouona mfululizo huo kuwa dalili ya kushuka. Rekodi yake ya timu ya taifa inapinga hukumu hiyo. Tanzania ilikuwa imecheza AFCON mwaka 1980 nchini Nigeria, ikasubiri miaka 39 kurudi. Katika fainali za 2019 nchini Misri, Msuva alifunga dhidi ya Kenya. Januari 2024 nchini Ivory Coast alifunga dhidi ya Zambia. Desemba 2025 nchini Morocco, akiwa na umri wa miaka 32, alifunga kwa mkwaju wa penalti katika sare ya 1-1 na Uganda, na Taifa Stars ikafika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Fainali tatu, bao katika kila moja, na kila mara akiwa ametokea klabu tofauti. Mchezaji asiye na kambi ya kudumu anaweza kuwa nguzo ya kudumu ya nchi yake.

Shauri la Morocco lina somo ambalo halikupewa uzito unaostahili katika mijadala ya vijiweni, iliyojikita zaidi katika kiasi cha fedha. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kuwa klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara miwili ya mwezi inapofika siku ya malipo, mchezaji anahesabika kuwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi ameiandikia klabu kuitaka ilipe na kuipa siku zisizopungua 15. Neno zito hapo ni kuandika. Mchezaji anayelalamika kwa simu, au anayepanda ndege na kurudi nyumbani kwa hasira bila barua, anaweza kujikuta yeye ndiye aliyevunja mkataba. Nakala ya mkataba iliyosainiwa, taarifa za benki na barua za madai ndizo silaha zake, na hizo lazima ziwe mikononi mwake tangu siku ya kwanza, si mikononi mwa wakala.

Kuhusu mawakala, familia za bondeni zinapaswa kuwa macho. Kanuni hizohizo haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na kwa idhini maalumu. Tangu mwaka 2023 wakala wa wachezaji anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA inayopatikana baada ya kufaulu mtihani. Kwa hiyo mgeni anayefika na ahadi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 kwenye majaribio ya kusajiliwa ughaibuni, akitaka kwanza fedha ya pasipoti na tiketi, ametoa sababu mbili za kutiliwa shaka kabla hata hajanywa chai.

Lakini suala linaloigusa Ifakara kwa kina zaidi ni lile la nani hunufaika mchezaji anapohama. FIFA imeweka utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza miaka 23. Kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15 huzaa asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya umri wa miaka 16 na 23 huzaa asilimia 0.5. Haki hiyo haikomi mchezaji anapofika utu uzima. Hufuata kila uhamisho wa namna hiyo hadi atakapotundika daluga. Ipo pia fidia ya mafunzo, inayohusu mkataba wa kwanza wa kulipwa na uhamisho hadi mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana amecheza klabu moja ya Ifakara tangu miaka 12 hadi 17, kisha akapanda daraja, na miaka kadhaa baadaye akauzwa nje kwa shilingi bilioni 1. Miaka minne ya mwanzo inaipa klabu hiyo asilimia 1, na miaka miwili inayofuata asilimia 1 nyingine. Jumla ni shilingi milioni 20. Kwa timu inayonunua mipira kwa kuchangishana na kusafiri kwa hisani ya mwenye lori la mpunga, hizo ni fedha za kubadili maisha ya klabu. Na akiuzwa tena kwa ada, hesabu inaanza upya.

Mshambuliaji anayehamahama, basi, anaweza kuwa chemchemi kwa kijiji alichotoka. Anaweza pia kukiacha kikavu, kwa sababu anayehama baada ya mkataba kwisha, bila ada, hazalishi mchango wowote. Wengi wa wachezaji wa aina hii huhama hivyo. Ndiyo maana klabu iliyomlea haiwezi kuketi ikisubiri bahati ya mwisho. Inatakiwa iwe kwenye kumbukumbu tangu uhamisho wa kwanza.

Sharti la kuwa kwenye kumbukumbu ni usajili. Malipo haya husimamiwa na chombo cha FIFA kilichoanza kazi Novemba 2022 jijini Paris, kinachotumia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 12. Orodha hiyo hutokana na taarifa za mashirikisho ya nchi, na kwa Tanzania ni TFF. Kijana aliyecheza miaka sita ya ndondo na mashindano ya mchangani bila kusajiliwa, kwa mujibu wa pasipoti hiyo, hakucheza popote. Michezo ya shule pia haitoshi peke yake. UMITASHUMTA na UMISSETA zimeibua vipaji vingi na zitaendelea kuviibua, lakini mgawo huu huenda kwa klabu na vituo vilivyo wanachama wa mfumo wa shirikisho. Mwalimu wa michezo aliyemwona mtoto kwanza atabaki na heshima. Shule yake haitapata senti ikiwa haikuunganisha timu yake na chama cha soka cha wilaya.

Hapa mamlaka za mitaa zina nafasi ambayo haihitaji bajeti kubwa. Ofisa michezo wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara au wa Mlimba, akishirikiana na vyama vya soka vya wilaya na mkoa, anaweza kuanza na mambo ya karatasi: katiba ya klabu, usajili wa klabu kwa mujibu wa sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kutoka RITA, na leseni ya mchezaji kila msimu. Cheti cha kuzaliwa kina uzito wa pekee. Umri ukipinda mwanzoni, hesabu yote ya misimu hupinda nayo, na udanganyifu wa umri uliokuwa ukionekana kama ujanja wa kushinda kombe la vijana hugeuka kuwa sababu ya kupoteza haki.

Miundombinu imeanza kulisogeza bonde karibu na soko la soka. Daraja la Magufuli katika Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384 na lililozinduliwa mwaka 2018, liliondoa utegemezi wa kivuko kati ya Ifakara na Ulanga. Reli ya TAZARA inapita hapahapa. Katika mkoa huohuo, Mtibwa Sugar ya Turiani, bingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000, imethibitisha kuwa timu iliyo kando ya mashamba ya miwa inaweza kulea wachezaji hadi timu ya taifa. Kidatu nako kuna miwa na kiwanda. Swali la kwa nini bonde lenye watu, kiwanda na reli halijasimamisha klabu ya Ligi Kuu ya kudumu linastahili kujibiwa na wadau wake wenyewe.

Upo upande mwingine ambao vijana hawapendi kuusikia. Motisha za Serikali, ikiwemo Goli la Mama iliyoanzishwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, zimeongeza ari. Lakini maisha ya mchezaji baada ya soka hayaendeshwi na motisha. Pensheni ya uzee ya NSSF inahitaji michango isiyopungua miezi 180, sawa na miaka 15, na umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55. Ni wachache wanaocheza soka la kulipwa kwa miaka 15, na miaka wanayocheza nje haichangiwi na mwajiri wa nyumbani. NSSF hupokea wachangiaji wa hiari, na mchezaji anayejua kuwa kazi yake itakatika akiwa na miaka 34 au 35 ana sababu ya kujiunga mapema kuliko mfanyakazi mwingine yeyote.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON, uamuzi uliotangazwa na CAF Septemba 2023. Mtoto wa Ifakara atakayetimiza miaka 12 mwaka huo atatimiza 23 mwaka 2038. Misimu iliyo kati ya miaka hiyo miwili ndiyo ambayo pasipoti yake ya mchezaji itaihesabu, na msimu wa kwanza utahesabiwa ikiwa jina lake litakuwa limeingizwa kwenye mfumo kabla ligi haijaanza.