Acheni kulaumu ziwa, bolti ndizo zilidanganya

Wasee, tuongee ukweli. Maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia Kihoto mwaka wa 2025, kila kitu kilichoshika kutu tuliwekelea ziwa. Pikipiki ya binamu yangu ilikaa kwa maji siku mbili. Baadaye bolti mpya, za mwezi ule ule, zikawa nyekundu. Zile zilizokuja na pikipiki bado zinang'aa. Maji ni yale yale. Sasa mkosaji ni nani?

Bolti ya kung'aa ni chuma kilichovalishwa zinki kwa umeme. Unaitumbukiza kwenye maji yenye chumvi ya zinki, unaiunganisha upande hasi, mkondo unapita, zinki inajibandika. Kazi ya zinki ni kuliwa kwanza ili chuma kipone. Ikiwa nyembamba, inaisha mapema, kutu inaingia.

Na unene hauji kwa maombi. Ni mkondo mara muda. Mwenye haraka anapandisha mkondo kupita kiasi, zinki inashuka mbio, pembe zinaungua, ganda linabaki na vishimo. Ni kama chapati ya moto mkali: nje imeungua, ndani bado unga. Fundi mwenye akili anaweza kupitisha mkondo kwa vipindi vifupi, washa, zima, ili zinki iliyopungua karibu na bolti ijazwe tena. Chembe zinatoka ndogo, zimeshikana. Akichanganya nikeli asilimia 12 hadi 15, ganda linadumu mara kadhaa kuliko zinki pekee.

Najua mtasema, "Buda, sisi tunataka ya bei ya chini." Sawa, bei ya chini si dhambi. Dhambi ni kuficha. Kiwango cha Marekani, ASTM B633, kinaanzia maikroni 5 kwa mazingira mepesi hadi 25 kwa makali kabisa. Dukani zote zinang'aa sawa, na hakuna anayekuambia umenunua gani. Unajua tu siku bolti ya breki imekatika ukiteremka Mai Mahiu na abiria nyuma.

KEBS ilazimishe pakiti ziandikwe unene. Na sisi tuulize kabla ya kulipa. Muuzaji akikosa jibu, songa duka lingine.

Mimi niliacha kampasi na hii nimeielewa. Msiniambie kuandika namba moja kwa pakiti ni ngumu.