Muuguzi na Mkuu Wake

Askari aliyelazwa kwa jeraha humjua muuguzi kuliko daktari. Daktari hupita asubuhi; muuguzi hukesha naye.

Husemwa kwamba wauguzi wa Uganda huacha kazi au kwenda ng'ambo kwa sababu ya mshahara mdogo. Hatukatai, njaa haina subira. Lakini mwaka 1983, huko Marekani, wataalamu wa uuguzi walitoa taarifa juu ya hospitali 41 zilizodumu na wauguzi wao wakati nyingine zikiwakosa. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni wakuu wa wauguzi waliofikika, waliosikiliza na kuwashirikisha walio chini yao.

Ndugu askari, hili si geni kwenu. Mnaijua tofauti ya sajini aonyaye faraghani na yule atukanaye mbele ya gwaride. Wodini ni hivyo hivyo. Msimamizi amkaripiaye muuguzi mbele ya wagonjwa amemvua cheo bila mashtaka. Apangaye zamu za usiku kwa upendeleo, au kuzuia likizo kwa chuki, huvuna mabaya zaidi: muuguzi ataficha kosa la dawa kwa kuogopa matusi, na aumiaye ni mgonjwa. Barua ya kuacha kazi huja baadaye.

Wakubwa wa hospitali, za jeshi na za raia, wanapomchagua mkuu wa wodi wasihesabu miaka ya kazi tu. Waulizwe kwa siri waliowahi kuwa chini yake, kabla hajakabidhiwa funguo za kabati la dawa.