Uchumi wa Nyumbani: Kikokotoo Mkononi mwa Mama

Mama wa Unguja anajua bei ya mchele wa Mbeya pale Darajani, anajua na bei yake Mwanakwerekwe, na kama nauli ya daladala inalipa kwenda huko kuufuata au hailipi. Hesabu hiyo huifanya kichwani huku akimvisha mtoto sare ya skuli. Lakini muulize mama huyo huyo, aliyeajiriwa miaka 20 sasa, ana michango ya miezi mingapi katika mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Wengi hunyamaza. Wengine husema, “Hayo yapo ofisini, bwana karani ndiye anayejua.”

Mwezi huu tunataka tuzungumze na mama huyo. Tunazungumza pia na yule asiye na ofisi wala karani, mama wa mwani kule Paje au muuza vitumbua wa Ng’ambo, maana uzee hauulizi nani alikuwa na barua ya ajira.

Tuanze na neno kikokotoo. Zamani lilikuwa jina la kile kimashine cha kujumlishia tu. Desemba 2018 likawa neno la kila kijiwe Tanzania nzima, pale kanuni mpya za mafao zilipoweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wastaafu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi huo huo Rais John Magufuli akasimamisha kanuni hizo hadi mwaka 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, mkupuo wa asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata nusu, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo.

Hicho ni kikokotoo cha mifuko ya Muungano, PSSSF na NSSF. Hapa Unguja kinawahusu akina mama wa Uhamiaji, Polisi, Mamlaka ya Mapato na taasisi nyingine za Muungano. Walimu wa skuli za Serikali ya Zanzibar, wauguzi wa Mnazi Mmoja na wafanyakazi wengi wa hoteli wako ZSSF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, wenye kanuni zake wenyewe. Basi mwanachama wa ZSSF asichukue tarakimu za PSSSF alizozisikia redioni akaondoka nazo. Aende kuuliza za kwake.

Hata hivyo tufanye hesabu moja kwa kikokotoo cha Bara, kwa sababu njia yake iko wazi na inafundisha. Tuseme mama anastaafu akiwa na miezi 360 ya michango, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 9,600,000. Zidisha kwa 360, gawa kwa 580: unapata kama 5,958,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa mkupuo, izidishe kwa 12.5, kisha uchukue asilimia 40 yake: kama shilingi milioni 29.8. Asilimia 60 iliyobaki, ikigawiwa kwa miezi 12, inampa kama 298,000 kila mwezi hadi atakapofariki.

Soma tena tarakimu ile ya mwisho, mama mwenzetu. Aliyekuwa akipokea 800,000 sasa anapokea 298,000. Mchele haukupungua bei kwa sababu yeye amestaafu, na dawa ya presha ndiyo kwanza imeanza.

Sasa tuseme mwajiri wake mmoja, kule nyuma, alimkata mchango kwa miaka miwili asiupeleke. Miezi inakuwa 336 badala ya 360. Mkupuo unapungua kwa karibu shilingi milioni 2, na pensheni inapungua kwa karibu 20,000 kila mwezi, maisha yake yote yaliyobaki. Hapo ndipo tunapotaka mama atie mkazo zaidi kuliko kwingine kote katika makala hii. Michango isiyofika mfukoni huweza kudaiwa wakati mwajiri angali yupo na hati za mishahara zipo. Ukingoja hadi miaka 60, hoteli imeshabadilisha mwenye mali mara mbili, mhasibu amehamia Dubai, na wewe una picha ya sherehe ya wafanyakazi tu ya kuonyesha kwamba ulikuwapo.

Zamani kulijua hili kulihitaji safari, ruhusa ya bosi na kupanga foleni. Siku hizi mifuko ina mifumo ya mtandao ambamo mwanachama huona taarifa zake mwenyewe. PSSSF, kwa mfano, ina programu ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani. Mama aombe kusajiliwa katika mfumo wa mfuko wake, kisha aikague taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, aiweke sambamba na hati zake za mshahara. Mwezi mtupu auandike katika daftari. Simu ndogo isiyo na intaneti siyo kizuizi: taarifa hiyo hiyo hutolewa ofisini kwa karatasi, na ni haki ya mwanachama, wala asione haya kuiomba.

Akiwa hapo aangalie jina lake. Jambo hili huonekana dogo, lakini linasumbua wanawake kuliko wanaume. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina la baba, kazini akaandikishwa jina la mume, kitambulisho cha Mzanzibari kikaja na tahajia ya tatu. Mtu mmoja, watu watatu kwenye makaratasi. Kulirekebisha ukiwa na miaka 45 ni usumbufu wa siku chache. Kulirekebisha mafao yakiwa yamekwama ni mateso. Aangalie pia majina ya wategemezi. Wako waliojaza fomu kabla ya kuolewa, wakamwandika mama mzazi, na mpaka leo watoto hawamo.

Na yule asiyeajiriwa je? Zanzibar ilifanya jambo la kusifiwa Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za Serikali yenyewe, bila kumuuliza alifanya kazi gani. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni msaada wa kweli, hasa kwa bibi aliyelea watoto na wajukuu asione mshahara hata siku moja. Lakini angalia umri: miaka 70. Mama wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, ameinama ndani ya maji ya chumvi tangu ujana. Mgongo na magoti yake hayatangoja hadi 70. Kati ya siku atakapoacha kamba za mwani na siku ya Pensheni Jamii kuna miaka kumi au zaidi ambayo ni yake mwenyewe kuijaza.

Kwa ajili yake ZSSF ina mpango wa hiari, ambao mtu aliyejiajiri hujiunga na kuchangia kadiri ya kipato chake. Majirani zetu nao wamejaribu. Kenya ulianzishwa mpango wa Mbao, wa shilingi 20 za kule kwa siku, zinazotumwa kwa simu, kwa ajili ya mafundi na wachuuzi. Rwanda walianza Ejo Heza Desemba 2018, nao pia hupokea kwa simu, na Serikali ikawaongezea watu wa kipato cha chini juu ya walichoweka. Mipango hiyo imefundisha kwamba mtu wa kipato kidogo anaweza kuweka akiba ya uzee kama njia ya kuiweka ni fupi. Akilazimika kupanda gari mbili kwenda kuweka shilingi 3,000, hataweka.

Kikundi cha kuweka na kukopa ni kizuri na tunakiunga mkono, lakini tusikichanganye na pensheni. Kikundi huvunja kibubu kila mwaka, fedha zikagawiwa, na sikukuu ikazimeza. Tunachoshauri ni kwamba siku ya kugawana, sehemu moja ihamishwe papo hapo kwa simu kwenda mahali pagumu kuifikia. Mahali hapo pako pengi: akaunti ya akiba ya muda katika benki, mpango wa hiari tuliousema, au vipande vya UTT, ambayo ni taasisi ya Serikali na mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Vipande hununuliwa kwa fedha kidogo na kwa simu. Vinaweza kupanda thamani na vinaweza kushuka, kwa hiyo si mahali pa ada ya muhula ujao.

Dhahabu ya mama tusiidharau. Bangili zimewavusha wanawake wa visiwa hivi katika misiba na magonjwa mengi. Ila bangili haizai, na kwa sonara wakati wa shida hupewi bei uliyonunulia.

Tumetaja kuzaa, basi tuone. Chukua kikokotoo cha simu, au kimojawapo cha vile vya akiba vilivyomo katika tovuti za benki. Mama anaweka 30,000 kila mwezi, kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na faida haigusi. Baada ya miaka 10 ana kama milioni 5.5, ambapo yeye mwenyewe ametoa milioni 3.6. Baada ya miaka 20 ana kama milioni 17.7, naye ametoa milioni 7.2 tu. Ile miaka kumi ya pili imefanya kazi zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Lakini kikokotoo hicho kina ujanja wake, hakikuambii bei za vitu. Ukitaka kujua bei zitachukua miaka mingapi kuwa maradufu, gawa 72 kwa asilimia ya kupanda kwa bei. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, ni kama miaka 14. Yule mstaafu wetu wa 298,000, akifika miaka 74 na pensheni haikuongezwa, atanunua kwa fedha hizo vitu vya 149,000 za leo. Ndiyo sababu mkupuo wake usiishie wote katika tofali za ghorofa ya pili isiyokwisha. Sehemu yake inaweza kununua hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu huuza kuanzia shilingi milioni 1, za miaka 2 hadi 25, na zinazolipa riba kila baada ya miezi sita.

Simu hiyo hiyo iletayo kikokotoo huleta na wezi. Kanisa lina kidonda chake hapa, na afadhali tukitaje. Mradi wa DECI, uliofungwa mwaka 2009, uliongozwa na wachungaji, na watu waliambiwa “wapande” fedha ili “wavune” nyingi zaidi baada ya miezi michache. Waumini wengi walipanda akiba zao zote, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake. Leo maneno hayo hayo huja kwa WhatsApp, yakiwa na picha za gari na ushuhuda wa mtu usiyemjua. Faida ya asilimia 8 au 10 kwa mwaka ni jambo la kawaida. Anayekuahidi asilimia 30 kwa mwezi anatumia fedha za jirani yako, na kesho atatumia zako. Tovuti za taasisi za Serikali kwa kawaida huishia na go.tz, nyingine yoyote inayojiita mfuko wako, piga simu ofisini kwanza. Mtoto wa Fomu Tatu anaweza kukufungulia programu na kukufundisha kubonyeza. Namba ya siri uibonyeze mwenyewe, mtoto akiwa ameangalia pembeni.

Kwa mume, tunashauri mazungumzo haya yasifanyike siku ya mshahara. Chagueni jioni moja tulivu, kila mmoja alete taarifa yake ya michango, mjue wawili nyinyi mtakuwa na kiasi gani na nani atastaafu kwanza. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na Ng’ambo zina mjane aliyejua habari za mafao ya marehemu kutoka kwa mfanyakazi mwenzake pale msibani.

Vikundi vya akina mama, vya Mkunazini, vya Minara Miwili na vya mashamba, viwaalike maofisa wa mifuko na wa benki waje kufundisha. Waulizwe maswali magumu. Ni fedha zenu: jengo la Michenzani Mall mnalolipita kila siku lilijengwa na ZSSF, mfuko unaoendeshwa kwa michango ya wafanyakazi kama nyinyi.

Liko swali ambalo akina mama waliopita miaka 50 huuliza kwa sauti ya chini: je, mimi nimeshachelewa? Tufanye hesabu badala ya kufariji. Mama wa miaka 52 ana miaka minane hadi 60. Akiweka 50,000 kwa mwezi kwa faida ile ile ya asilimia 8, atakuwa na kama milioni 6.7. Hazitoshi kuishi uzee wote. Zinatosha kuongeza kama 55,000 kila mwezi kwa miaka kumi hata zisipozaa tena, yaani hadi siku ya kuandikishwa Pensheni Jamii.